Usimdokeze Mikidadi

Hebu mfikirie Mwalimu Sia anavyoingia mtaa wa Ngarenaro, Arusha, Jumamosi moja ya masika. Njia imekuwa uji. Yeye anakanyaga jiwe hili, anaruka lile, amekumbatia kreti ya soda kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa, na mwavuli ameuacha nyumbani kwake Sanawari kwa sababu binadamu ana mikono miwili tu. Juu ya kreti ametandika nailoni. Wanaomfahamu wanampa shikamoo, anaitika marahaba bila kupunguza mwendo. Wasiomfahamu wanadhani ni mama wa genge anayekwenda kubadilisha chupa. Lakini chini ya ile nailoni hakuna chupa hata moja. Katika kila kijumba cha kreti zimesimama kadi zilizokatwa kwenye kalenda kuukuu, upande mmoja picha ya ndege, upande wa pili jina lake la Kiingereza. Na uso wa Mwalimu, ukiutazama vizuri, ni uso wa mtu aliyepiga hesabu ile ile mara nyingi na jibu likakataa kutulia.

Anakwenda kwa Mikidadi. Mikidadi nitawaeleza ni nani, msiwe na haraka. Kwanza tumalizane na huyu mwenye kreti.

Sia alizaliwa Machame, binti wa mzee aliyekuwa akigawa zamu za maji ya mfereji. Ile ni kazi ya lawama. Kila mwenye shamba anaona migomba yake ndiyo inayokufa, ya jirani inadeka tu. Lakini mzee yule hakutazama nani analia zaidi. Alikuwa akiingia shambani, anachomeka kidole kwenye udongo, anatikisa kichwa. Shamba ambalo bado limelowa halipati maji hata mwenyewe apige magoti, maana maji yatateleza juu yake na kwenda zake. Shamba lililokwisha kupasuka, hilo limechelewa. Maji yanatakiwa siku ile udongo unapoanza kukauka. Sia aliyasikia maneno hayo utotoni mpaka yakamchosha, asijue kuwa ndiyo yatakayokuja kumlisha.

Alisoma hisabati mpaka chuo kikuu, na huko ndiko alikokutana na hesabu za usahaulifu. Mnacheka, lakini zipo. Kuna watu walikaa wakapima, wakaona kwamba kusahau nako kuna kanuni. Jambo ulilojifunza leo linaporomoka upesi siku za mwanzo, kama barabara ya kutoka Olmotonyi kuteremka mjini, kisha mteremko unalegea. Ukilikumbuka mwenyewe, kwa jasho lako, likiwa karibu kukuponyoka, basi mteremko unaofuata unakuwa mpole zaidi. Ukilikumbuka tena, unalegea tena. Lakini ukilirudia mapema mno, likiwa bado bichi kichwani, hujajiongezea kitu. Wenzake darasani walinakili ili wapate mtihani. Sia alikaa na kalamu mdomoni akisema moyoni: huyu mhadhiri anamsimulia baba yangu.

Akafundisha sekondari miaka mingi. Zikaja enzi za ruksa, kila mtu akafungua kibanda chake, na mwalimu aliyebaki na chaki tu alionekana kama amelogwa. Sia naye akaacha, akapanga chumba nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma, akaanza twisheni. Alitegemea wanafunzi wa kidato cha nne. Waliokuja ni madereva.

Ndiyo, madereva. Mashirika ya umma yalikuwa yakiuzwa, watu wakirudishwa nyumbani, na wakati huo huo kampuni za kupeleka watalii mbugani zilikuwa zikichipua mjini kama uyoga. Kampuni hizo hazikutaka mtu wa kushika usukani tu. Simba na tembo kila mtu anawajua, hata bibi yangu. Shida ilikuwa ndege. Mtalii wa siku hizo alikuja na darubini shingoni na kitabu magotini, anamgusa dereva bega, anauliza yule nani. Dereva akijibu kwamba yule ni ndege, mtalii anafunga kitabu, na safari nzima inaingia ubaridi.

Basi Sia akatengeneza kadi, akatafuta kreti ya mbao ya zamani yenye vijumba. Safu ya mbele ni za kesho. Safu zinazofuata ni za baadaye na za baadaye zaidi, mpaka safu ya nyuma kabisa, ambayo kadi zake haziguswi mpaka mwezi upite. Kadi za wiki anamwachia mwanafunzi kwenye kopo la mafuta ya kupikia, na nyumbani lazima awepo mtu wa kushika kadi na kuuliza, kwa sababu anayejishikia mwenyewe hujidanganya. Ukipata, mshikaji anaweka alama ya pata. Ukikosa, anaweka alama ya kosa. Jumamosi Mwalimu anakuja, anaingiza pata na kosa kwenye kikokotoo chake, na kanuni inamwambia kila ndege atakauka lini kichwani mwa mtu huyo. Kadi inakwenda kukaa safu ya siku hiyo.

Na ilifanya kazi, ndugu zangu. Alikuwa anaweza kumwambia dereva: kesho katika hawa kumi utamsahau mmoja. Kesho yake anasahau mmoja. Wengine walianza kumwogopa.

Sasa, Mikidadi. Huyu ni Mpare wa Usangi, alikuja Arusha kijana na hakurudi tena kwao ila kwa misiba na harusi. Aliendesha malori ya shirika la usafirishaji la umma mpaka Sumbawanga, wakati ambapo barabara ya Sumbawanga ilikuwa ni wazo tu. Shirika lilipouzwa alikaa nyumbani akiuangalia ukuta, kisha kampuni moja ya watalii ikamchukua kwa masika tu, kuosha magari na kubeba mizigo kutoka uwanja wa ndege. Wakamwambia wazi: msimu ukianza tutahitaji dereva mmoja zaidi anayejua ndege. Mwezi wa tano kuna mtihani. Ukishinda, gari ni lako. Ukishindwa, Mzee, tunakushukuru kwa usafi wa magari.

Kwa hiyo mnaona wenyewe. Kwa Mikidadi, kati ya usukani na ule ukuta wa nyumbani palikuwa na kopo la kadi.

Tabu ilianza mapema. Kwanza hakuamini kungoja. Alitaka kadi zote kila siku, asubuhi na jioni, kama alivyohifadhi madrasa. Alisema huku si kusoma, huku ni kukaa kituoni. Mwalimu akamweleza habari ya mfereji na udongo uliolowa, na kwa kuwa Mikidadi ni mtu wa milimani, hilo alilielewa. Kisha ikaja tabu ya korongo. Akaonyeshwa ndege mrefu, akaambiwa jina. Akaonyeshwa mrefu mwingine, jina lingine. Na mwingine. Akalalamika kwamba kwao wote hao ni korongo tu, Mungu kawaumba korongo wakatulia, Wazungu wakaja kuwagawanya. Hayo yote Mwalimu aliyavumilia. Ndiyo kazi yake.

Ambalo hakuweza kulivumilia ni hili. Kadi za Mikidadi zilirudi kila Jumamosi zimejaa pata. Pata, pata, pata, mpaka chini. Wiki ya kwanza Mwalimu alifurahi. Wiki ya pili kanuni yenyewe ikamwamini Mikidadi, ikasogeza ndege wake safu za nyuma. Wiki ya tatu Mwalimu akachomoa kadi moja tu, ya mdiria, akiwa anangoja chai ipoe, akamwonyesha. Mikidadi akamtazama mdiria kama mtu anayegongewa mlango na mgeni.

"Mzee Mikidadi, huyu Jumatano ulimjua."

"Nilimjua, Mwalimu."

"Na leo?"

"Leo naye kanisahau."

Mkewe Mikidadi, Bi Swabaha, akacheka mpaka akaweka birika chini. Mwalimu hakucheka. Akachomoa mwingine, akakosa. Mwingine, akakosa. Akarudi Sanawari, akapiga hesabu upya. Akabadilisha betri za kikokotoo. Akashuku kanuni, akashuku kalenda, akajishuku yeye. Akaona labda ni umri, akaongeza namba ndogo ya uzee ndani ya hesabu. Mikidadi alipojua, aliumia kweli. Alitaka kujua namba hiyo ni kubwa kiasi gani, na kama kuna wazee wenzake waliotiliwa namba hiyo.

Namba ya uzee haikusaidia kitu. Nyumbani Mikidadi hakusahau hata ndege mmoja. Mbele ya Mwalimu alisahau karibu wote. Hakuna kichwa cha binadamu kinachokwenda hivyo. Mwalimu Sia alikuwa akitembea peke yake barabarani akinung'unika: kumbukumbu gani hii inayoijua Jumamosi?

Na hapo ndipo tulipomkuta, kwenye uji wa Ngarenaro, na kreti yake. Siku hiyo mwanafunzi wake wa asubuhi alikuwa ameugua, kwa hiyo akaenda kwa Mikidadi mapema, saa ambayo hawakumtarajia. Alipofika kwenye uzio wa mabati akasikia sauti uani, akasimama.

Bi Swabaha alikuwa anakaanga maandazi. Kwa mkono mmoja anageuza, kwa mkono mwingine ameinua kadi.

"Baba Ummy, na huyu?"

Mikidadi anaikodolea macho kadi. Mafuta yanachemka.

"Ki…" anasema Bi Swabaha kwa upole. "Kingi…"

"Kingfisher."

"Huyo huyo." Akaweka alama ya pata.

Kadi ya pili, jirani aliyekuwa anaanika nguo upande wa pili wa uzio akamalizia jina zima kabla Mikidadi hajafungua kinywa, na Mikidadi akalirudia kwa sauti ya mtu aliyekuwa akijua muda wote. Pata. Kadi ya tatu Mikidadi akataja jina la ndege mwingine kabisa. Bi Swabaha akageuza kadi, akasoma, akafikiri kidogo, akasema si mbali, hao ni wa ukoo mmoja. Pata. Na kadi ikawekwa upande wa waliokwisha kujulikana.

Mwalimu Sia akasukuma mlango. Kreti akaiweka chini, kwenye maji, na mwenyewe hakuona.

Sitawarudishia yote aliyoyasema, mengine hayakuwa ya kistaarabu. Kwa ufupi aliuliza kama nyumba hii inamfanya yeye mjinga. Alisema baba yake alishawahi kumkuta mtu aliyeandika kwamba maji yamefika shambani wakati mfereji ulikuwa mkavu mpaka vyura wamehama, na mtu huyo alikula kiangazi chote majani ya kuchemsha. Bi Swabaha hakuona kosa lake liko wapi. Alipangusa mikono na kanga, akamwambia kwa adabu zote: Mwalimu, ulitaka nimwandikie kosa baba wa watoto wangu, na wanawe wanatazama? Nimwache ananing'inia hapo, nami najua jina?

Mikidadi akamkingia kifua mkewe. Alizungumza taratibu, kama mtu anayemweleza mtoto.

"Mwalimu, hata imamu akikwama katikati ya kisomo, aliye nyuma yake humfungulia, humtajia aya. Hamwachi. Ukimwacha mwenzio akakwama nawe unajua, dhambi ni yako, si yake."

"Kwenye mtihani hakuna wa nyuma yako, Mzee Mikidadi."

"Basi huo mtihani hauna adabu."

Mwalimu akakaa kwenye kigoda bila kukaribishwa. Alichoka. Akawaeleza tena, pole pole, mara hii hata jirani wa nguo akiwa amesogea kusikiliza: kwamba hesabu yake chakula chake ni kosa. Mtu akikosa kweli, kanuni inajua ndege huyu aletwe karibu. Mtu akipata kweli, inajua huyu apelekwe mbali. Ukiilisha pata za kudokezwa, inakwenda kipofu, inamwacha ndege mbali mpaka anakauka na kufa, nanyi mnashangilia. Akauliza kama mji wote huu wa Arusha hauna mtu mmoja anayeweza kumtazama Mzee Mikidadi usoni na kumwambia amekosa.

Watu wakatazamana. Majirani, hapana, ni majirani. Watoto, haiwezekani. Shemeji, ndiyo kabisa.

"Yupo," alisema Bi Swabaha. "Mtani wake."

Nyote mnajua Wapare na Wachaga walivyo: ni watani, Mpare huchekwa kwa kupenda kesi, Mchaga kwa kupenda pesa. Mtani wako hata msibani anakuchokoza, na ukikasirika wewe ndiye mwenye makosa. Mwalimu mwenyewe ni Mchaga, lakini ualimu ulikuwa umefunika utani. Mikidadi alimheshimu mno. Aliyetajwa ni Ndesanjo, Mchaga mwenye duka la kona, aliyemwuzia Mikidadi sukari tangu siku za foleni na ambaye hawajawahi kuagana bila kutukanana. Wakamwendea. Ndesanjo alisikiliza habari nzima akiwa ameegemea mizani, macho yakizidi kung'aa. Alitaka kuhakikisha kama ameelewa: yaani kazi yangu ni kumwambia Mpare kwamba amekosa, na ni kwa faida yake, na hawezi kunishitaki? Mwalimu akasema ndiyo. Ndesanjo akasema hiyo kazi angeifanya hata bure, kama ibada.

Basi kopo likahamia dukani. Kila alasiri Mikidadi akitoka kuosha magari anasimama mbele ya dirisha la duka, na Ndesanjo anainua kadi kwa madaha kama mtu anayepandisha bendera.

"Huyu nani?"

"Huyo ni… stork."

"Kosa. Mpare, huyo ni heron. Uliuza ng'ombe ushinde kesi ya kuku, leo hata kuku humjui."

"Andika kosa lako unyamaze. Mchaga wewe, hata ukifa tutadondosha sarafu kwanza kabla ya kukuzika, tuone kama hutaamka."

Jumamosi iliyofuata kadi zilirudi nyekundu kwa kalamu ya Ndesanjo, kosa juu ya kosa. Mwalimu Sia alizipanga mezani akazitazama kama mkulima anayetazama wingu. Kwa mara ya kwanza hesabu ilitulia. Ndege wakarudishwa safu ya mbele, wakaanza kutembea nyuma tena, safari hii kwa miguu yao. Akafuta na ile namba ya uzee, ingawa hakumwambia Mikidadi, asije akavimba kichwa.

Msidhani tabu iliisha. Wateja walikuwa wakisimama kusikiliza, na mtu wa Ngarenaro akisimama kusikiliza hawezi kunyamaza. Mama amekuja kununua kiberiti, anaona mzee wa watu anatoka jasho, huruma inamshika, anamtupia herufi mbili. Ndesanjo akatangaza kwamba atakayemdokeza Mikidadi hauziwi sukari. Wakaanza kudokeza kwa ishara: mmoja anapunga mikono kama mabawa, mwingine anainua mguu mmoja. Siku nyingine Ndesanjo alizidisha utani, akalisimulia kosa la jana kwa wanunuzi wa leo, Mikidadi akanyakua kopo akaondoka nalo, akasema kesi hii itafika Usangi. Kopo likalala kabatini, ndege wakakauka, na Mwalimu Sia akalazimika kuja katikati ya wiki kupatanisha watu wazima wawili waliokuwa wamegeuziana migongo kama watoto wa chekechea. Alisema kanuni ile iliyotungwa na watu wenye akili zao ina nafasi ya muda, ina nafasi ya kosa, ina nafasi ya ugumu wa neno, lakini aliyeitunga hakika hakuwahi kuishi na watu.

Hata hivyo mwezi wa tano ulipofika, Mwalimu alimwambia Mikidadi kitu ambacho hakuwa akimwambia mtu ovyo. Alimwambia, kwa hesabu zangu, katika ndege kumi utawajua tisa. Nenda.

Mtihani ulifanyika ndani ya gari, kule kwenye maziwa ya Momela, Meru ikiwa imevua mawingu asubuhi hiyo. Mtahini alikuwa Aminieli, mkuu wa madereva wa kampuni, mtu wa maneno machache. Watahiniwa waliofika mwisho walikuwa wawili: Mikidadi, na Efraimu, mtu mzima kutoka Makumira aliyewahi kuwa karani wa shamba la kahawa. Efraimu alikaa mbele, Mikidadi nyuma yake. Langoni Aminieli alisema sheria ni moja: kila mtu na ndege wake. Atakayemdokeza mwenzake, mtihani wake umekwisha.

Wakaanza. Aminieli anasimamisha gari, ananyoosha kidole, anataja mtu. Mikidadi alipata wa kwanza. Akapata wa pili, wa tatu. Mdiria alikaa kwenye tete, akamtaja kabla kidole hakijafika. Furukombe, akamtaja kwa mlio tu. Makorongo yale yaliyomtesa masika nzima, aliyatenganisha moja moja kama mtu anayewaita wajukuu. Mmoja alimkosa, kama Mwalimu alivyosema. Efraimu naye hakuwa mbaya, lakini alikuwa nyuma kwa ndege wawili, na wote watatu ndani ya gari walijua.

Akabaki ndege wa mwisho wa Efraimu. Ukingoni mwa maji alisimama korongo mweupe, uso mwekundu, mdomo wa manjano. Aminieli akanyoosha kidole. Efraimu akafungua mdomo, akaufunga. Akashika paji la uso.

Mikidadi alituhadithia baadaye kwamba aligeuka akatazama mlima. Akajaribu kusoma namba za gari lililokuwa mbali. Akauma kidole. Kimya kikazidi kuwa kirefu, na kisogo cha Efraimu kilikuwa pale pale mbele yake, kinatoka jasho, na yeye jina analijua.

"Ye…" alisema Mikidadi. "Yelo…"

Aminieli akazima injini. Hakukasirika, alichoka tu usoni.

"Mzee, niliwaambia nini langoni?"

"Ulituambia tusidokezane."

"Sasa?"

"Bwana, mimi nilikuwa nyuma yake."

Sheria ni sheria. Nafasi na gari la msimu vikaenda kwa Efraimu. Aminieli alimwambia Mikidadi, kwa kumhurumia kweli, kwamba wakati wa vuli kutakuwa na mtihani mwingine, arudi, na kwamba anayejua korongo namna ile si wa kupotea. Lakini masika ilikuwa imekwisha na kazi ya kuosha magari ilikwisha nayo. Mikidadi akarudi Ngarenaro kuutazama ukuta wake.

Efraimu alikuja kumwona. Alileta mkungu wa ndizi, akakaa, akanywa chai, akageuza kikombe mkononi muda mrefu. Mwishowe akasema jambo ambalo heri angekwenda nalo kaburini: kwamba jina lile alikuwa ameshalipata. Lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Angengojewa kidogo tu.

Mwalimu Sia alikuwepo, na Ndesanjo pia. Akainuka, akatoka uani, akasimama akiyaangalia mabati. Ndesanjo alimfuata kumpoza, na yeye ndiye aliyeyasikia maneno yake. Alisema, miezi miwili nimewafundisha watu wa mtaa mzima wasimdokeze Mikidadi. Haikunipitia akilini hata siku moja kumfundisha Mikidadi asidokeze.

Ndesanjo, kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane, hakuwa na utani wa kumpa Mpare. Alirudi ndani akamwambia kesho alasiri asichelewe dukani.

Kopo liko pale mpaka hivi leo ninapoandika, na vuli haijafika. Kuhusu ndege, Mwalimu Sia hana wasiwasi. Wengi wamekwisha kukaa safu ya nyuma kabisa, na kanuni inasema ukiwagusa kwa zamu zao watafika salama. Kinachomkosesha raha ni kadi moja tupu aliyoikata juzi. Haina picha wala jina. Anaigeuzageuza mbele ya kreti, anaijaribu kijumba hiki, anaichomoa, anaijaribu kile. Ukimwuliza, anasema ni ya kunyamaza.

Nami nawauliza ninyi, maana mimi hesabu zilinishinda zamani. Mtu aliyelelewa kwamba mwenzake akikwama mbele yake dhambi ni ya aliyenyamaza, zoezi la kunyamaza ungempangia safu gani?